Sehemu Isiyo na Jina

Katika nyumba ninamoishi, hapa mtaani Bellevue, kusini kabisa mwa bara, kila mlango umebandikwa jina. Aliyeijenga alikusudia familia moja. Leo chumba cha kulia kimekatwa kwa mbao nyembamba kikawa vyumba viwili, baraza la nyuma limezibwa kwa mabati likawa makao ya mume na mke kutoka Burundi, na hata ghala la vyakula kando ya jiko lina mtu na godoro lake. Mpangaji akiingia, kabla hajapanga sufuria zake, huandika jina katika karatasi na kulibandika mlangoni. Mlango usio na jina huhesabiwa kuwa wazi. Nimewahi kumwona mzee mmoja akirudi kutoka hospitali, akakuta kitanda cha mgeni chumbani mwake kwa sababu tu karatasi yake ilipeperushwa na upepo wa Agosti, na katika nyumba nzima hakutokea mtu wa kumlaumu yule mgeni. Ameona pasipo na jina, ameingia. Naitaja desturi hii mapema kwa kuwa bila kuijua, msomaji angedhani kwamba alichofanya mdogo wangu kilikuwa uovu au wazimu, na haikuwa hivyo.

Mimi ni mkalimani. Mchana huwasemea wagonjwa na washtakiwa wasiojua lugha za nchi hii, na nikirudi nyumbani hutafsiri nyaraka kwa kompyuta ambayo betri yake ilikwisha kufa zamani. Kompyuta hiyo ina mifumo miwili ndani ya diski moja. Ukiiwasha, hukuuliza kwanza unataka kuingia upande upi. Upande wa Windows ulikuja nayo dukani, na nimeuacha kwa sababu baadhi ya ofisi zinazonipa kazi hazipokei nyaraka isipokuwa za programu fulani. Upande wa pili niliuweka mwenyewe: Linux, mfumo unaotolewa bure kwa idhini ya waliouunda. Mtaani kwetu hakuna anayeona haya kutumia programu ya wizi. Mimi naona, na nimechekwa sana kwa hilo. Huko upande wa pili ndiko nilikoweka kila nilichokithamini.

Mpangilio huu una jambo moja ambalo lafaa lieleweke. Aliye upande wa Linux huuona upande wa Windows na kuusoma. Aliye upande wa Windows hawezi kuusoma wa pili. Akitazama ramani ya diski huona sehemu yake, yenye jina na herufi yake, na kando yake kisanduku kirefu kisicho na jina lolote.

Ng'ambo ya ubao unaotenga chumba changu anaishi mama mmoja, fundi cherehani, mzaliwa wa Uvira. Mumewe alikuwa mlinzi katika maghala ya Doornfontein, mtu mpole, ambaye kila akipita mlangoni pangu alibisha hodi hata kama hakuwa na haja ya kuingia. Alirejea kwao kumuuguza mama yake, na huko huko akaugua yeye, akafa, akazikwa. Mkewe hakuweza kwenda. Karatasi yake ya ukimbizi humruhusu kuishi hapa, lakini akirudi katika nchi aliyoikimbia, karatasi hiyo hupoteza nguvu, na watoto wake wako hapa.

Shemeji yake alirekodi mazishi kwa simu, akamtumia kipande baada ya kipande. Hakuvitazama. Alisema maziko hayatazamwi na mtu mmoja amejilaza kitandani kama anayetazama sinema. Angeviona siku ya kuondoa kilio, mwisho wa matanga, mbele ya ndugu na watu wa kanisa lake, wote wameketi chini, ili siku hiyo iwe ndiyo siku yake ya kuzika. Lakini aliogopa mkono wake mwenyewe. Akaniletea simu, nikavihamishia vipande vyote katika kompyuta yangu, naye akavifuta simuni mbele ya macho yangu.

"Wewe uko mtu wa sheria, kaka," aliniambia. "Ukikatala, umekatala. Hata nikikuja nalia, usinipe."

Niliahidi. Baadaye, siku moja ya Ijumaa, ikaja habari kwamba simu ya shemeji yake imeibwa sokoni. Nakala iliyosalia duniani ikawa ile iliyokuwa kwangu, katika sehemu isiyo na jina.

Mdogo wangu alikuwa na spaza huko Diepsloot, duka dogo la sabuni, mkate na mafuta ya taa. Mtaa ulipochafuka, maduka ya wageni yakaanza kuvunjwa, akalifunga, akaja kukaa nami. Ili asikae bure, alianza kuwajazia watu muziki na filamu katika flashi zao. Nilimwambia kwamba filamu hizo si mali yake. Alinijibu kwamba wala si mali yangu, kwa hiyo tuko sawa.

Jumamosi iliyofuata ile habari, nilirudi kutoka hospitali alasiri nikamkuta ameketi mbele ya kompyuta, mikono mapajani, kama mtu aliyefika msibani kabla ya wenyeji. Kioo kilikuwa cheusi. Juu kabisa palikuwa na maneno machache meupe, yakisema kwamba mashine haikuiona sehemu iliyoamriwa kuanzia.

"Umefanya nini?"

"Nimepanua nafasi tu, kaka. Windows ilijaa. Nikaona pembeni pana eneo kubwa, halina jina, halina herufi, halina mtu. Nikalifuta, nikaliunga na letu. Kila kitu kikaenda sharp. Nikaanza kuhamishia filamu. Nilipoizima na kuiwasha, eish, ndiyo hivi unavyoona."

"Halina mtu?"

"Ningejuaje? Ungebandika jina."

Katika nyumba ile neno lake lilikuwa na uzito. Nilimuuliza jambo lililokuwa na haja zaidi: kama filamu alizohamishia ni nyingi.

"Chache. Ila moja ndefu sana. Ya Kihindi."

Kufuta sehemu ya diski si sawa na kuichoma nyumba. Kinachofutwa ni alama ya mpaka tu, na vitu vilivyomo hubaki palepale gizani mpaka aje mwingine aandike juu yake. Kwa hiyo, kufuta peke yake kusingenitisha. Nilichokihofu ni ile filamu. Ilikuwa imekwenda kulala mahali fulani, juu ya kitu fulani, na hakuna aliyejua juu ya nini.

"Na vipande vya jirani?" nilimuuliza.

Alikuwa amesahau. Niliona jinsi alivyokumbuka, kuanzia machoni hadi mabegani. Kisha akaukurubia ubao, akasikiliza cherehani ikilia upande wa pili, akarudi kwangu akinong'ona.

"Usimwambie, kaka. Jaribu kwanza. Ukivipata, hatakuwa amelia bure. Usipovipata, hapo ndipo umwambie."

Shauri hilo lilikuwa na sura ya huruma, na watu wengi wema wangelifuata. Mimi sikulikubali, wala silikubali leo. Aliyekukabidhi amana ana haki ya kujua hali yake saa ile ile unapoijua wewe. Hofu ya kuipoteza nayo ni mali yake. Anayemficha ili asihofu amejifanya mlezi wake, na mara nyingi anayelelewa hapo ni mfichaji mwenyewe, apate kuepuka kutazamwa usoni. Nilimshika mdogo wangu mkono, tukazunguka hadi mlangoni pa mama yule, tukabisha hodi. Nilimwacha aseme mwenyewe.

"Mama," alisema, "vile vipande vya maziko. Nimevifuta. Sikujua."

Cherehani ilinyamaza. Alikuwa na pini midomoni. Alizitoa, akazichomeka moja moja katika kimto chake kidogo cha pini, hadi ya mwisho.

"Mumezika bwana yangu mara ya pili," alisema. "Na mara hii tena sikukuwa pale."

Mdogo wangu alitazama sakafu. Nilimweleza mama yule, bila kupunguza wala kutia chumvi, kilichotokea na kinachowezekana. Alisikiliza hadi mwisho.

"Bon, sawa. Utaanza wakati gani?"

"Kesho asubuhi. Leo sitaigusa. Kuigusa kwa hasira kutaiharibu zaidi."

"Ni vizuri," alisema, "mimi pia leo niko na hasira," akatufungia mlango.

Kanuni ya kwanza ya kazi hiyo ni kutoandika chochote katika diski iliyojeruhiwa. Kila kitakachookolewa sharti kiende mahali pengine. Mahali hapo hapakuwapo, isipokuwa diski ya nje ya mdogo wangu, iliyojaa filamu na nyimbo pomoni. Ndiyo hiyo iliyokuwa kapu lake la biashara. Asubuhi ya Jumapili niliiweka mezani mbele yake. Aliishika kwa mikono miwili.

"Hili ndilo shamba langu, kaka."

"Ni shamba la watu."

"Basi leo tunalilima pamoja," akasema, akaichomeka katika kompyuta ya Mrundi wa barazani, akaifuta yote kwa mkono wake. Sikumpongeza. Sasa nadhani ningempongeza.

Ilibaki haja ya umeme. Kwa kuwa betri ilikuwa imekufa, ukikatika mara moja tu kazi ingeanza upya, na nyumba yetu nzima hutegemea swichi kuu moja, ambayo hujizima pasi mbili na birika vikiwashwa pamoja. Jumapili asubuhi ndiyo saa ya pasi na birika. Nilipita mlango kwa mlango nikiomba watu wasiwashe kitu, na kwa kuwa aombaye lazima aseme sababu, niliisema. Mke wa Mrundi alikuwa ameshatandaza shati la kanisani. Aliizima pasi, akamwambia mumewe, "Leo utaenda na makunyanzi. Mungu anajua kuna nini." Mzee wa ghalani alichomoa hita yake ingawa Juni huku ndiyo kilele cha baridi, akajifunga blanketi mbili. Nyumba ikapoa, ikawa kimya.

Niliiwasha kompyuta kwa flashi yenye mfumo kamili ndani yake, ili diski yenyewe ilale bila kuguswa. Kisha nikaita programu inayotembea juu ya diski tangu mwanzo hadi mwisho ikitafuta nyayo za mipaka ya zamani. Ni kazi ya kusubiri. Mama yule hakwenda kanisani. Aliweka kigoda chake kwenye kizingiti cha mlango wangu uliokuwa wazi, akaketi akitazama ujiani, na mdogo wangu akaketi chini, mgongo ukutani.

"Inatafuta nini wakati huu wote?" aliuliza bila kugeuka.

"Inatafuta alama ya mahali ukuta uliposimama, dada."

"Na ukuta ulishavunjwa."

"Huacha alama sakafuni."

Ilipomaliza, ilinionyesha mipaka yote miwili, wa zamani na ule mpya wa mdogo wangu, mmoja umelala juu ya mwingine. Hapo ndipo penye mtego. Programu hukuuliza kama unataka mpaka wa zamani urudishwe, na mtu mwenye haraka hujibu ndiyo. Lakini haiwezekani kuirudisha yote miwili mahali pamoja, na kuurudisha mmoja kwa nguvu huenda kukaubomoa mwingine na vilivyomo. Sikuurudisha. Niliomba tu nichungulie ndani ya sehemu ya zamani, na majina ya folda zangu yakaanza kupanda kiooni: hukumu, vyeti vya kuzaliwa, barua za wagonjwa. Kisha lile nililolitafuta. Nilikuwa nimeliita Amana.

Niliamuru vyote vinakiliwe katika diski ya mdogo wangu. Vilikwenda kimoja kimoja, taratibu, na hakuna birika lililowashwa katika nyumba ile.

"Vimefika?" mdogo wangu aliuliza.

"Majina yamefika. Jina si kitu chenyewe. Lazima nivifungue."

Mama aligeuka kwa mara ya kwanza.

"Hapana. Hakuna mtu ataona kama mimi sijaona kwanza."

"Dada, siwezi kukurudishia kasha ambalo sijui kama lina kitu ndani. Nikikuambia ni vizima bila kuvifungua, nitakuwa nimekudanganya. Na siku ile, mbele ya watu, ndipo utakapojua."

Alifikiri. Akaenda chumbani mwake, akarudi na kipande cha kitenge chenye pindo jipya, akakifunika juu ya kioo cha kompyuta, akakifunga kwa nyuma kwa fundo la fundi.

"Masikio unaweza," alisema. "Macho, hapana. Na usiniambie kitu." Akarudi kwenye kigoda chake, akatugeuzia mgongo.

Nilivaa visikizio. Mdogo wangu alinitazama usoni, nami nikajitahidi uso wangu usiseme neno. Ulikuwapo upepo kwanza, ukivuma katika simu ya mtu anayetembea. Kisha nyundo, misumari ikipigwa katika mbao, na mtu akiagiza mingine midogo zaidi. Wanawake walilia kwa zamu. Mtoto aliomba maji akaambiwa anyamaze. Mhubiri alisoma. Katika kipande kimoja kilichofuata ilisikika sauti ya mwanamke mzee sana, na nikaijua papo hapo kuwa ni ya mama wa marehemu, yule mgonjwa ambaye mwanawe alikuwa amekwenda kumuuguza. Alikuwa akimwita mwanawe "baba", kama wamwitavyo huko mtoto aliyepewa jina la babu, na alikuwa akimwomba radhi kwa kuwa yeye bado ni mzima.

Nimekaa mahakamani nikayatamka kwa kinywa changu maungamo ya watu wa kila namna. Hiyo ni kazi: maneno huingia na kutoka. Maneno ya bibi yule yaliingia, nami nilikuwa nimekatazwa kuyatoa. Aliyekuwa na haki ya kuyasikia kabla ya watu wote alikuwa ameketi hatua chache kutoka kwangu akitazama ujia mtupu.

Kipande cha mwisho kilianza kwa wimbo. Sauti nyingi, polepole, na chini yake sauti za watu wakishusha kitu kizito kwa kamba na kuonyana. Wimbo ulikuwa katikati ya ubeti uliposikika mkwaruzo, kisha mlio kama wa bati, kisha hakuna kitu. Nilikinakili upya kutoka mwanzo. Kiliishia pale pale. Hapo ndipo ile filamu ilipokwenda kulala.

Nilivifunga vyote, nikavua visikizio.

"Dada, viko salama vyote isipokuwa cha mwisho. Kimekatika."

"Kimekatikia wapi?"

"Ulinikataza kusema."

"Sema ile tu."

"Wimbo ulikuwa umeanza. Udongo bado."

Alisimama, akafungua fundo, akakunja kitenge chake mara mbili. "Aksanti," aliniambia, na ilikuwa shukrani ya kweli. Kisha akamtazama mdogo wangu aliyekuwa bado chini.

"Na ile sinema ya Kihindi, baba, ilikuwa nzuri?"

Mama yule alitikisa kichwa, akaenda zake, na baada ya kitambo cherehani ikaanza kulia.

Baadaye niliisafisha diski na kuigawa upya, na safari hii sehemu zote mbili zina jina. Mdogo wangu hakuirudia ile biashara. Alipata kazi ya kupakua mizigo sokoni, nami sikumuuliza kama aliacha kwa toba au kwa kukosa mtaji.

Siku ya kuondoa kilio ilipokaribia, ilidhihirika kwamba chumba cha mama yule hakiwezi kuingiza watu wake wote. Mdogo wangu ndiye aliyesema kwamba ubao unaotenga chumba hicho na changu umeshikwa kwa misumari tu. Aliuliza kwanza, kwangu na kwa mama yule, ingawa jibu alilijua. Akaing'oa misumari mmoja baada ya mwingine, akaihifadhi katika kopo, akauegemeza ubao ujiani. Tukatandika mikeka na mablanketi tangu dirisha langu hadi dirisha lake.

Walikuja, wakaketi chini. Mimi nilikaa nyuma kabisa, karibu na waya za umeme, kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikiendesha mashine, na niliinamisha macho, maana sikuwa na haja ya kuona. Nilijua lini nyundo itapigwa. Nilijua lini mtoto ataomba maji, na baadhi ya wanawake wakacheka kidogo hapo huku wakilia. Sauti ya yule bibi ilipofika, mjane alimjibu kwa nguvu, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto: "Sisi pia tuko hapa, mama! Sisi pia tuko!" Na watoto wake, ambao huzungumza zaidi Kizulu na Kiingereza kuliko lugha ya baba yao, walimshika kila mmoja upande wake.

Kisha wimbo. Kisha mkwaruzo, na kioo kikaganda.

Bibi mmoja wa kanisani aliinua kichwa. "Umeme umeenda?"

"Hapana, mama," alisema mjane. "Inaishia hapo."

Mdogo wangu, aliyesimama mlangoni na birika la chai, alilishusha chini taratibu. Mjane aliinuka, akaweka kiganja juu ya kioo pale picha ilipoganda, akaushika ubeti katika neno lile lile ulipokatikia. Sauti yake ya kwanza ilikosa njia. Ya pili ikaipata. Bibi wa kanisani akaingia, kisha wengine, na wakauimba wimbo ule hadi mwisho wake, pamoja na beti ambazo simu ya shemeji ilikuwa imezirekodi, kisha zikapotea. Mimi si wa dini yao, na sikuimba. Nilisimama waliposimama.

Ulipokwisha, mjane alijifuta uso kwa upindo wa kitenge chake.

"Bon," alisema. "Sasa amezikwa."

Watu walianza kunong'ona, wakainuka mmoja mmoja, na harufu ya chakula ikaingia kutoka jikoni. Mdogo wangu, ambaye siku hiyo hakujua aweke wapi mikono yake, aliingia na kopo la misumari, akauinua ubao ili aurudishe mahali pake. Mama yule alimzuia.

"Acha kwanza, baba," alimwambia. "Watu bado hawajala."